John Walter Gregory: Aliyesoma Tumbo la Bonde la Ufa kwa Nyundo

Utangulizi

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, akapanda kuelekea Changamwe, huiacha nyuma ardhi ya matumbawe na kukanyaga ardhi ya namna nyingine kabisa. Kisiwa chenyewe, pamoja na ukanda wa Likoni na Kisauni unaopakana na bahari, umekalia mwamba uliojengwa na viumbe wa baharini katika zama ambazo kwa hesabu ya wanajiolojia ni za juzi tu. Changamwe ni habari nyingine. Chini ya udongo wake mna mwamba laini wa tope lililogandamana, ambao ulituama kwenye sakafu ya bahari katika enzi ya Jura, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Ndani yake hupatikana visukuku vya amonaiti, wanyama wa baharini waliotoweka ambao makombe yao yalijisokota mfano wa pembe za kondoo dume. Kadiri msafiri anavyoendelea kuelekea bara, huko Mazeras na Mariakani, ndivyo anavyokutana na mawe ya mchanga yaliyo makongwe zaidi.

Katika karne ya 19 misafara mingi ilipita njia hiyo ikitafuta pembe za ndovu, waumini, mipaka ya dola au chanzo cha mto Nile. Mwaka 1893 ulipita msafara mdogo uliokuwa ukitafuta jambo jingine. Kiongozi wake, John Walter Gregory, alitaka kujua ni kwa nini nchi ilizama huko bara. Jibu alilolileta lilimpa umaarufu, na jina alilolipa bonde hilo lingali midomoni mwa watu hadi leo. Hata hivyo, jibu lenyewe lilibishaniwa kwa miaka mingi, na Gregory alifariki kabla ya hukumu kutolewa. Hukumu hiyo haikutolewa na mtu aliyeliona tumbo la ardhi kwa macho, bali na mawimbi ya mtetemo yaliyopita ndani yake.

Kuzaliwa na Elimu

Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 huko Bow, mashariki mwa jiji la London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu, na ilitarajiwa kwamba mwana angefuata nyayo za mzazi wake. Alipotimiza umri wa miaka 15 aliacha shule akaingia katika kazi ya ukarani kwenye biashara hiyo hiyo ya sufu. Kwa vijana wengi wa tabaka lake, huo ungekuwa ndio mwisho wa masomo.

Kwake haikuwa hivyo. Baada ya kazi za mchana, alihudhuria masomo ya jioni katika Taasisi ya Birkbeck, chuo kilichoanzishwa ili kuwaelimisha watu wanaofanya kazi za mikono na za ofisini. Huko ndiko mapenzi yake ya jiolojia yalikokomaa. Mwaka 1887 aliajiriwa katika idara ya jiolojia ya Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London, na mwaka 1891 akapata shahada yake ya kwanza kwa daraja la juu. Kazi yake ya kila siku makumbushoni ilikuwa kuvichunguza na kuvipanga visukuku, hususan vya matumbawe na vya viumbe jamii ya urumba. Basi alipokuja kukanyaga ufuo wa Mombasa, mwamba wa matumbawe haukuwa mgeni kwake. Alikwisha kuujua katika masanduku ya makumbusho.

Wakati huo huo, huko Vienna, mwanajiolojia mashuhuri aitwaye Eduard Suess alikuwa ameisoma ramani na taarifa za Ludwig von Höhnel, aliyefuatana na Count Teleki katika safari yao ya Afrika Mashariki ya mwaka 1887 hadi 1888. Suess hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwaka 1891 alitoa rai kwamba mabonde na maziwa yaliyojipanga kwa safu kutoka nchi ya Yordani hadi kusini mwa Afrika Mashariki yalikuwa na asili moja, nayo ni kupasuka kwa ardhi. Rai hiyo ilimgusa sana Gregory. Ilikuwa hoja kubwa iliyojengwa juu ya ushahidi uliokusanywa na watu wengine. Alitaka kwenda kuiona nchi kwa macho yake na kuyagonga mawe yake kwa nyundo yake.

Kutoka Mombasa

Nafasi ilimjia mwishoni mwa mwaka 1892, alipojiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kuingia bara kupitia upande wa Lamu na mto Tana. Msafara huo haukufika mbali. Ulivunjika mapema, na Gregory akajikuta pwani akiwa mgonjwa wa homa na tumbo la kuhara, huku kazi aliyoijia haijaanza. Mtu mwingine angepanda meli akarudi kwao. Yeye alirudi Mombasa, na alipopata nafuu kidogo akaazimia kuunda msafara wake mwenyewe.

Mombasa ya mwaka 1893 ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Reli haikuwapo bado. Ujenzi wake ulianza mwaka 1896. Kila kitu kilichokwenda bara kilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Kazi ya upagazi ilikuwa na mila zake, vyeo vyake na lugha yake. Kulikuwa na mnyapara aliyesimamia watu, kirangozi aliyetangulia mbele na kushika mwendo, na wapagazi waliolipwa mshahara na kupewa posho ya kila siku. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, hata kama wapagazi walitoka katika makabila mbalimbali. Wengi wa watu wa kazi hiyo walikuwa watumwa au watu walioupata uhuru wao karibuni. Huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, kulikuwa na kijiji cha Freretown kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa.

Gregory aliajiri watu takriban 40. Kwa kipimo cha zama zile, huo ulikuwa msafara mdogo mno. Misafara iliyokusudia kuvuka nchi ya Wamaasai ilizoea kuwa na mamia ya watu na bunduki nyingi. Udogo huo ulikuwa na hatari yake, lakini pia ulikuwa na faida. Watu wachache walihitaji chakula kichache, waliweza kwenda haraka, na hawakuwatia wenyeji hofu ya kushambuliwa.

Mnamo Machi 1893 msafara uliondoka Mombasa, ukaanza kupanda nchi kwa njia ya kawaida ya misafara: ukanda wa miti ya pwani, kisha nyika ya Taru isiyokuwa na maji ya kutegemewa, kisha Ukambani. Kwa mfanyabiashara, nyika ya Taru ilikuwa adha ya kuvukwa upesi. Kwa mwanajiolojia ilikuwa mfululizo wa kurasa. Kila siku mawe ya chini ya miguu yalibadilika: kutoka matumbawe ya kisiwani hadi tope lililogandamana la Changamwe, kutoka hapo hadi mawe ya mchanga ya nchi ya Waduruma, na hatimaye miamba ya kale kabisa iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, ambayo ndiyo msingi wa bara zima. Gregory alikuwa akisafiri kutoka kwenye mapya kwenda kwenye makongwe. Alipofika ukingoni mwa bonde alikuwa amekwisha kujua ni mwamba upi ulio msingi na ni upi uliokuja juu yake baadaye. Bila ya maarifa hayo, asingeweza kusema ni kitu gani kilichozama.

Bondeni na Mlimani

Kutoka nchi ya Wakikuyu, Gregory aliteremka bondeni, akapita Naivasha, Elmenteita na Nakuru hadi akafika ziwa Baringo. Alilolikuta linaonekana na kila asafiriye huko hata sasa. Bonde lina kuta mbili zinazotazamana, na kila ukuta umepangika kwa ngazi. Mtu anayesimama juu ya ukingo wa Laikipia huona ardhi ikishuka kwa madaraja hadi chini, kisha ikipanda tena upande wa magharibi.

Swali lake lilikuwa moja. Bonde la kawaida huchimbwa na mto. Maji hukata mwamba taratibu na kuupeleka baharini. Je, mto wa hapa uko wapi? Hapakuwa na mto wa kulinganishwa na ukubwa wa bonde. Aidha, maziwa yaliyomo hayana mkondo wa kutoka kwenda baharini. Zaidi ya hayo, tabaka za mawe zilizoonekana juu ya ukingo zilionekana pia chini, zikiwa zimeshuka kwa pamoja. Mto ungeziondoa tabaka hizo. Hapa zilikuwapo, ila zimezama. Gregory alihitimisha kwamba kipande kirefu cha ardhi kilishuka baina ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba. Ndipo akalipa umbo hilo jina la bonde la ufa, jina ambalo sasa hutumiwa na wanajiolojia kwa mabonde ya namna hiyo kokote duniani.

Njia yake kati ya Nakuru na Baringo ilipita karibu na Menengai. Kwa mbali mlima huo hauonekani kuwa na ajabu yoyote. Ni mgongo mpana usio na kilele. Sababu ya kukosa kilele ndiyo ajabu yenyewe: juu yake pana shimo kubwa lenye upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, ambalo wataalamu huliita kaldera. Kaldera si tundu la kawaida la volkeno. Hutokea pale ghala la mawe yaliyoyeyuka chini ya mlima linapomwaga akiba yake kwa mlipuko, na paa lake likakosa cha kulishikilia, likaporomoka. Kwa hiyo Menengai na bonde lililouzunguka ni ndugu. Katika kila kimojawapo, ardhi imeshuka kwa sababu kitu fulani chini yake kimeondoka au kimelegea. Ni kitu gani hicho, na kilikuwa katika kina gani, macho ya mwaka 1893 hayangeweza kuona.

Kutoka Baringo, Gregory alivuka Laikipia na kuuelekea mlima Kenya. Pamoja na watu wachache aliupenya msitu wa mianzi, akatokea kwenye nyanda za juu zenye baridi kali, akafika kwenye barafu. Wapagazi kutoka pwani hawakuwa wamepata kuyaona maji yakigeuka jiwe. Walipoamka na kuyakuta maji ya sufuria yamekuwa meupe na magumu, waliona kwamba yamerogwa. Gregory aliuchora uso wa barafu hiyo, akaipa jina la mwanajiolojia Lewis, na akatambua dalili kwamba hapo zamani barafu ya mlima huo ilishuka chini zaidi kuliko alivyoikuta. Aligundua pia kwamba mlima Kenya ni volkeno iliyochakaa. Vilele vyake virefu ni kizibo cha mawe magumu yaliyogandia kooni mwa volkeno, ilhali mwili laini uliokizunguka umekwisha kuliwa na mvua na barafu. Aina mojawapo ya mawe ya huko aliipa jina la kenaiti. Baadaye mawe ya jamii hiyo yalitambuliwa pia katika mlima Erebus, huko Antaktika.

Mnamo Agosti 1893 msafara ulirejea Mombasa. Ulikuwa umetembea miezi mitano. Mizigo iliyoshushwa ilikuwa mawe, mimea na wanyama waliokaushwa. Mwaka 1896 Gregory alitoa kitabu chake kuhusu bonde hilo, na kikamweka katika safu ya mbele ya wanasayansi wa nchi yake.

Tao Lililokatika

Ili kueleza namna bonde lilivyotokea, Gregory alitumia mfano wa tao. Wajenzi wa pwani wanalijua tao vizuri. Jiwe la katikati husimama kwa sababu mawe ya pande mbili yanalibana. Pande hizo zikivutwa mbali, jiwe la katikati huteremka. Kwa maoni yake, ardhi ya Afrika Mashariki ilikuwa imeinuka kama tao pana, kisha ikavutwa pande mbili, na sehemu ya katikati ikaanguka. Nguvu iliyohusika ilikuwa nguvu ya kuvuta.

Wenzake wengine hawakukubali. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya uchunguzi wa jiolojia nchini Uganda, alitoa rai iliyo kinyume: nguvu ilikuwa ya kubana. Kwa mujibu wa rai hiyo, pande mbili za bonde zilisukumana, zikapanda juu ya sehemu ya katikati na kuikandamiza chini, kama mtu anayemzamisha mwenzake majini kwa kumlalia. Bailey Willis wa Marekani naye aliegemea upande wa mbano. Mabishano hayo hayakuwa ya maneno matupu. Ikiwa bonde limetokana na mvuto, basi gamba la dunia chini yake limenyooka na kuwa jembamba, na joto la chini limesogea karibu na uso. Ikiwa limetokana na mbano, gamba hilo limerundikana na kuwa nene. Yote mawili hayawezi kuwa kweli, lakini mtu aliyesimama juu ya ukingo wa Laikipia huona kuta zile zile.

Tarehe 6 Januari 1928 ardhi yenyewe ilisema. Tetemeko kubwa liliitikisa Subukia, na chini ya mteremko wa Laikipia nchi ikapasuka kwa urefu wa takriban kilomita 38. Upande wa bonde ulikuwa umeshuka. Huo ulikuwa ushahidi wenye nguvu kwa mtu aliyesema kwamba bonde lilizama, na kwamba kazi hiyo haijakwisha. Hata hivyo haukutosha kuumaliza ubishi. Katika miaka ya 1933 na 1934, Edward Bullard alipima nguvu ya mvutano wa ardhi Afrika Mashariki, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1936 aliyafasiri kwa kuunga mkono rai ya mbano. Wakati huo Gregory alikuwa kaburini.

Maisha ya Baadaye

Baada ya safari ya mwaka 1893, Gregory hakukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1896 alivuka kisiwa cha Spitsbergen pamoja na Martin Conway. Mwaka 1900 aliteuliwa kuwa profesa wa jiolojia huko Melbourne, Australia, na mwaka 1904 akahamia Chuo Kikuu cha Glasgow, alikofundisha hadi mwaka 1929. Kati ya mwaka 1928 na 1930 alikuwa rais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London. Mtoto aliyeacha shule akiwa na miaka 15 alikuwa amefika kilele cha taaluma yake.

Mwaka 1919 alirudi Afrika Mashariki. Safari hii aliweza kupanda gari moshi, kwani reli ilikwisha kuvuka Makupa, ikapita Changamwe na kuipenya nyika ya Taru. Katika ziara hiyo aliziona zana za mawe za watu wa kale huko Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walikuja kupafanya maarufu katika miaka ya 1940. Mwaka 1921 alitoa kitabu cha pili, kilichoeleza kwa mapana jiolojia ya Afrika Mashariki kuanzia miamba ya pwani hadi mabonde ya bara.

Upo upande mwingine wa maisha yake usiofaa kufichwa. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali, na humo alitetea kutenganishwa kwa watu kwa misingi ya rangi zao. Mtu aliyepanda mlima Kenya kwa sababu wapagazi wa pwani waliibeba mizigo yake na kustahimili baridi ambayo hawakupata kuijua, miaka 32 baadaye aliandika kwamba watu wa rangi mbalimbali wakae mbalimbali. Rai hiyo haikuwa ngeni miongoni mwa Wazungu wa wakati wake, lakini wingi wa walioishikilia haukuifanya kuwa sahihi. Nyundo yake ilimwongoza vema katika mawe. Katika watu, macho yake hayakuona alichokuwa nacho mbele yake.

Alipostaafu hakupumzika. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 68, alisafiri hadi Amerika ya Kusini ili kuchunguza sehemu za volkeno na matetemeko katika milima ya Andes. Tarehe 2 Juni mwaka huo, mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba nchini Peru, naye akafa maji.

Mawimbi Yatoa Hukumu

Mnunuzi wa tikiti katika soko la Kongowea halikati tunda ndipo ajue kama limeiva. Huligonga kwa kidole na kusikiliza. Sauti humweleza yaliyo ndani, kwa sababu mtetemo hupita tofauti katika nyama ngumu na katika nyama iliyojaa maji. Elimu ya mawimbi ya mtetemo haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Mawimbi hupita haraka katika mwamba mgumu na baridi, hupungua mwendo katika mwamba wenye joto, na hupinda au kurudi yanapokutana na mpaka wa tabaka mbili. Anayejua ni saa ngapi mtetemo ulianza, na ni saa ngapi ulifika katika kila kituo, anaweza kukadiria ulipita katika nini.

Gregory alipokuwa Baringo, elimu hii ilikuwa changa. Miaka minne tu kabla, mwaka 1889, chombo kilichokuwa Potsdam, Ujerumani, kilikuwa kimenasa kwa mara ya kwanza mtetemo wa tetemeko lililotokea mbali, huko Japani. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Kroatia alitumia mawimbi ya tetemeko kuutambua mpaka kati ya gamba la dunia na tabaka lililo chini yake. Kuanzia hapo iliwezekana, angalau kwa nadharia, kuupima unene wa gamba bila ya kulichimba.

Kipimo hicho kilifika katika Bonde la Ufa mwaka 1968, pale wanasayansi walipolipua baruti katika maziwa ya kaskazini mwa Kenya na kuyasikiliza mawimbi yake kwa mbali. Kazi kubwa zaidi ilifuata mwaka 1985, 1990 na 1994, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Kenya, Ulaya na Marekani. Vipokezi vilipangwa kwa safu ndefu, vingine kufuata urefu wa bonde, vingine kulikata kutoka upande wa ziwa Viktoria kuelekea mashariki. Maziwa ambayo Gregory aliyahesabu kuwa dalili za nchi iliyozama yalitumika sasa kuwa mahali pa kuigonga nchi hiyo, mfano wa kidole juu ya tikiti.

Majibu yalikuwa dhahiri. Chini ya bonde, gamba la dunia lilikuwa jembamba: takriban kilomita 35 upande wa Naivasha, likipungua hadi kilomita 20 hivi chini ya Turkana. Tabaka lililo chini ya gamba lilipitisha mawimbi polepole kuliko lile la pande mbili za bonde, ishara kwamba lina joto kali na pengine limeanza kuyeyuka. Ardhi ilikuwa imevutwa. Rai ya mbano haikuweza kusimama tena. Gregory hakupatia yote, kwani alihusisha mvuto huo na kuzama kwa sakafu ya Bahari ya Hindi, ilhali leo inafahamika kwamba ni vipande viwili vya gamba la dunia vinavyoachana kwa milimita chache kila mwaka. Alikosea katika sababu, lakini katika umbo na nguvu aliona sawa.

Mawimbi hayo hayo yamefunua pia habari za Menengai na volkeno nyingine za bondeni. Mitetemo midogo midogo, isiyoweza kusikiwa na binadamu, hutokea huko kila mara, na vipokezi huinasa. Yapo mawimbi ya kwanza yanayopita katika kitu kigumu na kioevu, na yapo mawimbi ya pili yasiyoweza kupita katika kioevu. Pale ambapo mawimbi ya pili hufifia au hutoweka, wataalamu hushuku kwamba pana mwamba ulioyeyuka au unaokaribia kuyeyuka. Kwa njia hiyo, maghala ya joto chini ya kaldera yalianza kuchorwa kabla ya mtu kuyafikia. Uchimbaji wa visima vya jotoardhi huko Menengai ulianza mwaka 2011, na baadhi ya visima, katika kina cha kilomita 2 hivi, vilileta vipande vya kioo vilivyotokana na mwamba ulioyeyuka na kugandishwa ghafla na maji ya kuchimbia. Paa lililoporomoka lilikuwa bado lina moto chini yake.

Hitimisho

Maisha ya Gregory yana mafunzo kwa wanafunzi wa lugha sawa na kwa wanafunzi wa mawe. Alidiriki kusema jambo ambalo vyombo vya zama zake havikuweza kulithibitisha, lakini hakulisema kwa kubahatisha. Alianza na kile kilichokuwa chini ya miguu yake huko pwani, akakifuata hatua kwa hatua, na akaacha hoja yenye umbo linaloweza kupimwa na wengine. Ndiyo maana vyombo vilipopatikana, palikuwa na cha kupimwa.

Lipo pia deni lisilolipwa. Safari iliyozaa jina la bonde la ufa iliendeshwa kwa Kiswahili kutoka Mombasa hadi Baringo na kurudi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya msafara. Matokeo yake yaliandikwa kwa Kiingereza, na hadi leo mengi ya yale ambayo mawimbi yameyafunua chini ya Menengai, Olkaria na Suswa yanasomeka kwa Kiingereza pekee. Umeme unaotokana na joto hilo umekuwa ukizalishwa Olkaria tangu mwaka 1981, na huingia katika gridi ya taifa inayofika hadi viwanda vya Changamwe, juu ya mwamba ule ule wa tope ambao msafara wa mwaka 1893 uliukanyaga ukienda bara. Mfanyakazi wa kiwandani anastahili kuelezwa kwa lugha yake joto hilo linatoka wapi na lilijulikanaje. Wapagazi 40 waliubeba mzigo wa elimu hiyo mara ya kwanza. Kuurudisha pwani ukiwa umefunguliwa ni kazi ya wasomi wa Kiswahili.